Maonyesho ya historia ya Korea kwa vitu vya nyumbani (Tanga): tuweke vitu gani mezani?

Mkonge_Mweupe

Wakuu, habari za humu. Klabu ya historia ya sekondari moja hapa Tanga mjini imepewa chumba kimoja, meza sita na ukuta wa mita nane kwa wiki mbili mwezi wa saba. Mada ni Korea, kuanzia utawala wa Wajapani hadi miaka ya 1990. Wanafunzi wanaijua Korea ya tamthilia na simu, basi. Sitaki mabango ya maandishi matupu wala safu ya picha za marais. Nataka vitu ambavyo mtu akivitazama atajua watu walikulaje, walilalaje na waliogopa nini. Vitu halisi hatuna, itabidi tutengeneze au tutafute vinavyofanana, na fungu ni dogo. Mnashauri vitu gani, vinatengenezwaje, na picha zinapatikana wapi bila kuiba za watu? Halafu kuna hii hewa ya bahari inayokunja karatasi kabla gundi haijakauka.

Fundi_Ngamiani

Mkuu, tafuta kitu kimoja kinachovuta vingine. Ningechagua yeontan, na ningekipa meza nzima.

Ni tofali la duara la vumbi la makaa ya mawe, lenye matundu yanayopita kutoka juu hadi chini. Lile la kawaida la nyumbani lina kipenyo cha sentimita 15 hivi, kimo sentimita 14, uzito kilo 3.6. Ya zamani yalikuwa na matundu tisa, yakaja ya 19, kisha ya 22. Matundu ndiyo njia ya hewa. Ndani ya jiko yanakaa mawili, moja juu ya jingine: la chini linawaka, jipya linawekwa juu, na lazima matundu yaelekeane. Yakipishana hewa inakwama na la juu halishiki moto. Kwa kufungua au kubana kidirisha cha chini, tofali moja liliwaka kwa muda wa saa nane mpaka 12. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na mtu, mara nyingi mama au mkwe wa kike, wa kuamka usiku kubadilisha. Akipitiwa na usingizi, asubuhi hakuna moto wala maji ya vuguvugu, na kuuwasha upya ni shughuli.

Moto huo haukuwa wa kupikia tu. Nyumba ya Kikorea inapashwa joto kwa ondol, yaani joto na moshi vinapitishwa kwenye mifereji chini ya sakafu ya mawe, na juu yake inabandikwa karatasi iliyopakwa mafuta. Zamani walichoma kuni, milima ikabaki upara. Baada ya vita vya 1950–1953 miji ikahamia kwenye makaa ya mawe, na hilo lilisaidia miti iliyopandwa upya kusalimika. Hatari ikahamia ndani. Sakafu ikipata ufa, hata mwembamba kama uzi, kaboni monoksidi inapenya chumbani. Haina rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi familia zilikutwa zimekufa usingizini. Waliozidiwa walinyweshwa maji ya achari ya figili, dawa ya kienyeji ambayo haiondoi gesi hiyo kwenye damu. Kinachosaidia ni hewa safi na oksijeni. Kando ya tofali weka jiko letu la mkaa na maelezo mafupi: ukiliingiza chumba kilichofungwa, linaua kwa gesi ileile.

Kutengeneza: kata kipande cha sentimita 14 cha bomba la plastiki la inchi sita, kipake mafuta ndani. Changanya chenga za mkaa zilizopondwa na kuchekechwa, vipimo vitatu, na udongo wa mfinyanzi kipimo kimoja, maji ya kushikamanisha tu. Shindilia tabaka kwa tabaka. Usitumie uji wa muhogo kushikiza. Kwa kuwasha ni mzuri, ila kitu cha kukaa mezani wiki mbili kwa unyevu wa hapa kitaota ukungu na kuita panya. Kwa matundu, mfano wa 19 ndio rahisi kupanga: moja katikati, sita kuzunguka, 12 nje. Chomeka vipande vya nondo ya milimita 12, vizungushe kila baada ya nusu saa mpaka mchanganyiko ushike, kisha vichomoe. Ukisubiri tofali likauke navyo ndani, litapasuka. Anika kivulini, kwenye wavu ili upepo upite chini. Jua la mchana linakausha ngozi ya nje kwanza na nyufa zinaanzia kwenye matundu. Mkaa wa miti ni mwepesi kuliko makaa ya mawe, kwa hiyo kama mnataka wageni walinyanyue na kusikia uzito wake, ongezeni mchanga, mpime mpaka kilo 3.6.

Na msisahau majivu. Tofali likiisha linabaki na umbo lake, rangi imegeuka ya udongo mkavu. Wakorea waliyaponda na kuyamwaga kwenye vichochoro vyenye barafu watu wasiteleze.

BiRaskazone

Umemaliza, Fundi. Sasa ongezeni bakuli la shaba, maana lina ugomvi na tofali hilo.

Nyumba zenye uwezo zilikula kwenye bakuli na vijiko vya shaba, hasa msimu wa baridi kwa kuwa vinahifadhi joto. Miaka ya mwisho ya utawala wa Wajapani (1910–1945), vita vilipopamba moto, serikali ya kikoloni ilikusanya vyombo vya shaba majumbani ili viyeyushwe kwa zana za kivita. Wengine walivizika uani. Baada ya ukombozi wa 1945 vilirudi mezani, kisha ikaja yeontan na gesi zake zikavifanya vyeusi kila mara. Kuving'arisha ilikuwa adhabu: unga wa kigae cha paa kilichopondwa, kibumba cha majani makavu ya mpunga, unasugua mpaka vidole vinauma. Chuma kisichoshika kutu kilipoenea miaka ya 1960 watu wakauza shaba bila kuangalia nyuma. Bakuli za chuma zenye mfuniko mnazoziona kwenye tamthilia zimetokea huko.

Kwa hapa kazi ni rahisi, sinia la shaba halikosekani kwenye nyumba za pwani. Azimeni moja, nusu msugue kwa ndimu na majivu, nusu muiache na weusi wake. Msisugue la mtu bila ruhusa, na lenye nakshi za zamani msiliguse kabisa.

Meza ya chakula inahitaji pia kontena la aluminiamu la mstatili, la chakula cha shule. Miaka ya 1970 mchele haukutosha, walimu wakawa wanafunua vifuniko vya wanafunzi kukagua kama wali umechanganywa na shayiri. Kabla ya hapo, kuanzia 1969, migahawa ilikuwa na siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, za kutouza wali mchana. Tumieni mchele mkavu na shayiri kavu, saba kwa tatu, vikiwa vimekaa kwanza kwenye friza siku tatu nne, la sivyo fukusi watatoka mbele ya wageni. Pakiti ya tambi inakaa hapohapo: Samyang walitoa ya kwanza ya Korea Septemba 1963, gramu 100, kwa won 10 (fedha yao).

MwanaPangani

Naona orodha inaelekea pazuri, lakini mkiishia kwenye nishati na chakula, kisha mkaweka gari na televisheni mwishoni, mtakuwa mmetengeneza tangazo la serikali. Ukuaji ule wa uchumi ulikwenda pamoja na udikteta. Amri ya kutotoka nje usiku, kwa miaka mingi saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, ilianza 1945 na kwa sehemu kubwa ya nchi ikaondolewa Januari 1982. Saa ya ukutani iliyosimamishwa saa sita inatosha.

Kwa maasi ya mji wa Gwangju, Mei 1980, wekeni beseni la aluminiamu. Jeshi liliua raia pale, na wanawake wa masokoni walipika wali, wakaufinyanga madonge kwenye mabeseni wakawalisha waliosimama kuutetea mji. Msiweke silaha, hazitaeleza vizuri zaidi.

Halafu kiatu. Tarehe 9 Juni 1987 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Lee Han-yeol, alipigwa kichwani na kopo la gesi ya machozi kwenye maandamano, akafariki Julai 5. Maandamano ya mwezi ule ndiyo yaliyoilazimisha serikali kukubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Raba yake ya mguu wa kulia ilihifadhiwa, lakini baada ya miaka mingi soli ilivunjika vipandevipande, ikabidi iunganishwe upya na mtaalamu mwaka 2015. Soli za aina ile ni za poliyurethani, na unyevu wa hewa unaikata ile plastiki taratibu hata kama kiatu hakivaliwi. Tanga kila mtu anajua raba iliyokaa kabatini na siku ya kuivaa soli ikabaki sakafuni. Tafuteni moja ya hivyo, muiweke kwenye sanduku la kioo na vipande vyake. Andikeni wazi kwamba ni mfano, si chake.

Mkonge_Mweupe

Shukrani sana, wakuu. Nilikuwa nafikiria pia mfuko wa saruji kwa ajili ya Saemaul, ile kampeni ya serikali ya kuendeleza vijiji, na pete ya dhahabu ya 1998, wananchi walipokusanya dhahabu wakati wa msukosuko wa fedha. Vinafaa?

Fundi_Ngamiani

Saruji inafaa sana, na hapa kwetu mfuko mtupu haukosekani. Majira ya baridi ya 1970–71 serikali iligawa mifuko 335 kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000, kwa sharti la kutumika kwa kazi ya wote: barabara, kisima, daraja. Mifuko yao ilikuwa ya kilo 40, yetu ni ya 50, liandikeni hilo. Waliofanya vizuri, vijiji kama 16,600, walipewa mwaka uliofuata mifuko 500 na tani moja ya nondo. Wengine hawakupata kitu. Wazee watauliza kama ni sawa na vijiji vya ujamaa. Si sawa: kwetu watu walihamishwa, kule kijiji kilibaki palepale. Jazeni mfuko maranda ya mbao, saruji yenyewe itaganda.

Angalizo moja. Nyasi za mapaa yao ziliondolewa zikawekwa vigae vya asbestosi. Korea ilikuja kuipiga marufuku kabisa 2009. Msikate wala kuvunja kipande cha asbestosi cha nyumba ya zamani kwa ajili ya maonyesho. Picha inatosha.

BiRaskazone

Pete iwekeni, ila msirudie hadithi kwamba wananchi walilipa deni la IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa kutoa dhahabu bure. Walio wengi walipeleka, ikapimwa, ikauzwa nje, wakalipwa kwa won. Watu kama milioni 3.5 walikusanya tani 227 hivi, thamani yake zaidi kidogo ya dola bilioni mbili, na mfuko mzima wa mikopo uliotangazwa Desemba 1997 ulikuwa kama dola bilioni 58. Ilileta fedha za kigeni wakati hazipo, lakini deni lenyewe lililipwa kwa njia nyingine, la IMF likaisha Agosti 2001. Uzito wa historia uko kwenye aina ya pete: nyingi ni zile anazopewa mtoto akitimiza mwaka mmoja, gramu 3.75. Mwambieni sonara awape pete ya shaba ya uzito huo.

Kusi_na_Kaskazi

Picha: ingieni e-Museum, tovuti inayokusanya vitu vya makumbusho mengi ya Korea. Tafuteni kwa Kikorea (연탄 ni yeontan, 놋그릇 ni bakuli la shaba, 도시락 ni kontena la chakula), kwa Kiingereza mtapata chache. Angalieni alama ya leseni ya wazi ya serikali yao. Aina ya 1 inataka mtaje chanzo tu. Ya 2 inakataza biashara. Ya 3 inakataza kubadilisha. Ya 4 inakataza vyote viwili. Kwa A3 chukueni picha isiyopungua pikseli 1,754 kwa 2,480, chini ya hapo itaonekana imefifia mtu akisogea.

Msibandike karatasi ya kawaida kwa gundi ya unga, mende wataila na unyevu utaivimbisha. Chapisheni kwenye flexi, au mlamineti na kuacha ukingo wa plastiki wa milimita tano pande zote. Mkikata sawa na karatasi, maji yanaingilia pembeni. Tundikeni kwa kamba ya katani kwenye misumari, sentimita mbili kutoka ukutani. Mwezi wa saba ni kusi, hewa ni kavu kuliko masika, lakini madirisha ya upande wa bahari yafungeni usiku, chumvi itaishika shaba yenu.

Halafu kwenye kila kibandiko cha baada ya 1948 andikeni Korea Kusini, si Korea tu. Kuna wazee watakaokuja wakiikumbuka ya Kaskazini, na hawajakosea: uhusiano wetu wa kibalozi na Seoul ulianza 1992.