Mjadala: Deraya za mpaka wa Ruvuma zifungwe mitambo ya kudungua makombora?

Wakuu, jana kijiweni hapa Mtwara tulibishana hadi kahawa ikapoa. Mwenzetu anataka jeshi linunue mitambo inayodungua kombora kabla halijagonga deraya, yaani gari la vita lenye ngao ya chuma. Hoja yake: tumepakana na Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji kulikoanza mapigano Oktoba 2017, na kijiji chetu cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020. Hilo halina ubishi. Ila mtambo huo naupinga, na wala si kwa sababu ya pesa.

Chukueni mtambo wa aina hiyo uitwao Trophy, wa Israeli. Rada zake hutazama pande zote za kifaru. Roketi ikija, kompyuta hupiga hesabu: ikiwa itapita pembeni, inaachwa, ikiwa itagonga, mtambo hufyatua vipande vya chuma na kuipasua ingali hewani. Machi 2011, karibu na Gaza, ulifanya kazi hiyo vitani kwa mara ya kwanza. Ufundi huo nauvulia kofia.

Sasa uleteni kwenye mchanga wetu. Bomu lililofukiwa njiani rada hiyo hailioni. Na porini askari hutembea ubavuni mwa gari. Vipande vikifyatuka, vitamjuaje nani wetu?

Wa Nachingwea: Kaka, RPG-7, silaha ya kurushia roketi, ipo tangu 1961, inabebwa begani, na bati la deraya nyepesi haliizuii. Waliomo ndani unawaambia nini? Wa nje afundishwe kukaa mbali na gari, basi.

Mleta mada: Akae mbali wapi, kwenye kichaka kile kile alikojificha adui? Halafu mviziaji hupiga kwa karibu, na kadiri alivyo karibu ndivyo mtambo unavyokosa muda.

Fundi welda, Masasi: Mnasahau droni. Oktoba 2023 vifaru vya Israeli, pamoja na Trophy zao, vilidondoshewa mabomu kutoka juu. Ukraine wanachomelea vichanja vya chuma juu ya vifaru, mithili ya vile vya kuanikia mihogo. Na nondo zikipangwa ubavuni kwa nafasi sahihi, roketi ya RPG inaweza kubanwa pua, fyuzi yake ya kulipulia ikafa, isilipuke. Si kila mara, lakini kazi hiyo hata mimi naiweza.

Wa Nachingwea: Fundi, usijipigie debe hapa! Nondo zote hizo ni uzito. Gari likizama mchangani masika, atakayeshuka kulisukuma nani, wewe?