Binti aitwe Perisi, au namtwisha mzigo wa bibi?

Mkazi wa Nkuhungu: Mbukwenyi wakuu. Nimepata binti, ana wiki tatu. Nataka aitwe Perisi, jina la mama yangu, mzaliwa wa Mvumi. Mke wangu anataka Briella. Usajili mwisho siku 90. Haya majina ya zamani, Perisi, Damari, Yunisi, tuyarudishe au ndiyo basi tena?

Kidosho wa Area C: Hongera. Ila Perisi? Jina la bibi muuza mlenda pale Majengo. Mtoto atachekwa mpaka sekondari.

Mjukuu wa Bahi: Bibi muuza mlenda ndiye aliyenisomesha. Kikombe kimoja kimoja, anafunga kwenye gazeti. Nyie mliokuja juzi na mabegi ya wizara msituzoee.

Kidosho wa Area C: Mabegi gani? Dodoma inatangazwa jiji 2018 mimi nina watoto wawili hapahapa. Na mlenda nakula, tena mbichi.

Mjukuu wa Bahi: MBICHI! Nilijua tu.

Mzee wa Mnadani: Perisi yumo kwenye Biblia, Wakorintho kama sikosei, kwa hiyo si jina la kishamba.

Mama Kwaya: Warumi 16:12, mzee wangu. Imeandikwa Persisi. Hiyo "s" ya katikati bibi zetu waliimeza wenyewe.

Shangazi wa Kondoa: Kuchekwa si hoja. Mtoto akibeba jina la mama mkwe, mama yake atamkaripiaje? Wifi yangu anambembeleza wa kwake, "mama, naomba ukaoge." Katoto kana miaka minne, kanasimama mlangoni na taulo: "Sitaki, mimi mkweo." Kamuulize mkeo, si sisi.

Mkazi wa Nkuhungu: Shangazi, mke wangu kasoma hapo, kacheka, halafu kaninunia.

Mjukuu wa Bahi: Na mjue mlenda mkavu unakaa miezi na miezi, ukiutia karanga na magadi kidogo unavutika mpaka kiwiko. Huo mbichi wenu ukilala tu kwisha habari.

Dereva wa Singida: Huo mkavu kikombe bei gani siku hizi? Napita Majengo kesho asubuhi.

Mkazi wa Nkuhungu: Jamani, na mtoto je?

Mjukuu wa Bahi: Mtoto anyonye kwanza. Mlenda mpaka atimize miezi sita.