Nani kawaambia kila chenye neno "camera" ni 8525.89? Forodha ya kubahatisha inatumaliza

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, nawaonya mapema. Anayeagiza vihisi vya picha, lenzi, bodi za kamera au vioo vya simu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaujua mchezo. Mzigo unafika, wakala anasoma ankara, anaona neno "camera", anabandika 8525.89, namba ya forodha ya kamera, bila kuuliza ndani kuna nini. Akitokea wakala anayejua kazi akaandika namba sahihi, mkaguzi naye analiona neno lile lile na kupandisha kadirio. Huku storeji inahesabu siku. Mwisho unalipa tu ili mzigo utoke.

Tuongee hela. Ngazi za ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Chukua mzigo wa CIF (bei pamoja na bima na usafiri) shilingi milioni 10 unaoingia Tanzania. Ukiangukia ngazi ya 0 unadaiwa VAT ya 18% peke yake, yaani 1,800,000. Ukisukumwa hadi 25, ushuru ni 2,500,000, halafu VAT inapigwa juu ya 12,500,000, inakuja 2,250,000. Jumla 4,750,000. Umepoteza 2,950,000 kwa tarakimu sita zilizoandikwa kizembe, na hapo sijagusa tozo nyingine.

Nianze na kihisi chenyewe, kwa sababu ndipo ubishi wa kijinga ulipo mwingi. CMOS, yaani chipu inayopokea mwanga wa picha, inakuja kwenye trei nyeusi ya plastiki, kila kipande kidogo kuliko ukucha, kioo juu, miguu ya kuchomea chini. Hakuna lenzi, hakuna bodi, hakuna kiunganishi. Peke yake haitoi picha yoyote. Hiyo ni IC (saketi nzima ndani ya chipu moja), na mahali pake ni 8542.39. Dokezo la 12 la Sura ya 85 ya kitabu cha ushuru linasema kwamba kwa bidhaa lilizozieleza, vichwa (makundi ya tarakimu nne) 85.41 na 85.42 vinatangulia vichwa vingine vyote isipokuwa 85.23. Dokezo la 2(a) la Sehemu ya XVI nalo liko wazi: kipuri ambacho chenyewe kina kichwa chake katika Sura ya 84 au 85 kinabaki huko, ukiacha vichwa vichache vya vipuri kama 85.29. Sasa mkaguzi anapokwambia "lakini hii kazi yake ni kwenye kamera tu", anajibu swali ambalo sheria haijauliza. Fotodayodi tupu ni 8541.49, LED tupu za infraredi ni 8541.41. Ile 8541.40 mliyoizoea ilivunjwa kwenye HS 2022 (toleo la 2022 la orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa), lakini bado inaonekana kwenye ankara.

Haki iwe haki, na sisi waagizaji tuna uhuni wetu. Kihisi kikishachomewa kwenye bodi pamoja na regulata, vipinga na kiunganishi, hiyo si IC tena. Kama bado haina lenzi na haijafikia kuwa kamera, tunaongelea 8529.90. Ikifungwa lenzi na ukichomeka waya inatoa ishara ya video, hiyo ni kamera, hata kama haina kava na ni ndogo kama kitufe cha shati: 8525.89. Mtu anayeandika moduli kamili kuwa 8542.39 anawaharibia wenzake, kwa sababu mkaguzi akimkamata mmoja anaanza kushuku trei zote za vihisi zinazofuata.

Tena kuna wale wanaoagiza bodi 200, lenzi 200 na kava 200 kwenye mzigo mmoja, halafu wanaziandika mistari mitatu tofauti. Kanuni ya 2(a) ya ufasiri inawangoja: bidhaa iliyoletwa ikiwa haijaunganishwa hupangwa kama iliyokamilika. Hizo ni kamera 200. Lakini lenzi 500 bila bodi hata moja zinabaki lenzi, na hapo mkaguzi anayelazimisha kamera nzima ndiye mwenye makosa.

Lenzi ni kituko kingine. Lenzi ya M12 au ya CS (aina za kiungio cha lenzi na kamera) iliyokwisha fungwa kwenye pete yake ni 9002.11. Haiwezi kwenda 8529.90 kama kipuri cha kamera, kwa kuwa Dokezo la 1(m) la Sehemu ya XVI linazitoa bidhaa zote za Sura ya 90. Kioo cha lenzi kisichofungwa ni 9001.90. Vile vioo vidogo vya kuzuia infraredi, kikiwa kitupu ni 9001.90, kikiwa kwenye fremu yake ni 9002.20. Skrubu za kawaida za chuma ni 7318, hata zikiwa zimepakiwa na kava za kamera.

Sasa hili la kuona usiku. Tangu HS 2022, ile 8525.80 imegawanywa mara nne: 8525.81 za kasi kubwa, 8525.82 za kustahimili mionzi, 8525.83 za kuona usiku, 8525.89 nyinginezo. Kamera ya CCTV yenye duara la LED imeandikwa "night vision" kwenye boksi, basi tayari mtu anagonga 8525.83. Someni dokezo la vifungu jamani! 8525.83 ni za kutumia fotokathodi, inayogeuza mwanga hafifu kuwa elektroni zinazokuzwa mpaka picha ionekane. CCTV yako inamulika kwa LED na kupokea kwa CMOS, hakuna fotokathodi humo. Hata kamera za joto zimetolewa wazi, kwa kawaida zinaenda 8525.89. Vivyo hivyo kwa 8525.81: moja ya sifa zinazoiingiza kamera humo ni kupiga zaidi ya fremu 225,000 kwa sekunde. Kamera ya michezo ya fremu 240 haisogei hata karibu.

Wauza vioo vya simu, na ninyi mmo. LCD na OLED zilizokuwa zikihangaishwa kati ya 9013.80 na 8517.70 sasa zina kichwa chao, 85.24, nacho kinatangulia vingine vyote. LCD isiyo na draiva (saketi ya kuiendesha) ni 8524.11, yenye draiva 8524.91. OLED ni 8524.12 na 8524.92. Kuwa na tachi hakuiondoi humo. Kinachoiondoa ni kuwa na chipu ya kubadili ishara ya video, kama skela au dikoda. Ushuru wa pamoja unafuata HS 2022 tangu 1 Julai 2022, na bado mtu anakuletea 9013.80 ya kioo cha simu.

Dawa inaanzia kwa muuzaji. "Camera parts" au "CCTV accessories" kwenye ankara ni kujichimbia kaburi. Kila mstari uwe na namba ya kipuri ya mtengenezaji, kama kina lenzi au hakina, kama kiko kwenye bodi au kwenye trei, na kinatoa ishara gani. Ambatisha datashiti (maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji), ukurasa wenye mchoro wa umbo uwe juu. Kama unaagiza kitu kile kile kila mara, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa.

Mkikataliwa, acheni kubishana kwa simu. Dai sababu kwa maandishi, zitaje dokezo gani. Kifungu cha 229 cha Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004 kinakupa siku 30 kumwomba Kamishna apitie uamuzi, na yeye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu ndani ya muda huo, inahesabika amekubali ombi lako, kwa hiyo barua ya kupokelewa yenye muhuri na tarehe usiipoteze. Akikataa, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda baraza la rufaa za kodi.

NYONGEZA: Mdau ameuliza kama kihisi kilichounganishwa kwenye waya bapa wa flexi bila lenzi kinabaki 8542.39. Inategemea. Kama juu ya flexi kuna vipande vingine vilivyochomewa, usiing'ang'anie 8542, jiandae na 8529.90. Mwenye uamuzi wa maandishi kuhusu moduli za flexi auweke hapa, afute majina na namba za mzigo kwanza.