Ushauri: Minnesota ovataimu inaanza saa 40 au 48? Na binti wa miaka 15 jikoni?

MchomaNyama_MN
Wakubwa shikamooni, wengine poleni na baridi. Nina mgahawa mdogo Brooklyn Park, jimbo la Minnesota hapa Marekani: nyama choma, pilau, maandazi asubuhi. Mpishi wangu ni kijana wa Tanga, mchapakazi kwelikweli, tangu aanze Februari anapiga saa 52 kwa wiki. Namlipa dola 17 kwa saa. Jamaa mmoja aliyewahi kuwa na duka hapa aliniambia sheria ya jimbo inahesabu ovataimu baada ya saa 48, nikaenda nayo hivyo. Juzi kijana kaniuliza, kwa adabu kabisa, mbona rafiki yake wa hotelini analipwa mara moja na nusu kuanzia saa ya 41. Nikakosa jibu, nikajifanya nachochea mkaa.

La pili: binti yangu ana miaka 15, anataka kusaidia akitoka shule. Kwetu mtoto kushinda dukani kwa baba yake si habari. Hapa je?

Baba_Zuhura
Mkuu unajisumbua. Mpe mshahara wa wiki usiobadilika, ovataimu imekufa.

MamaHesabu
Baba Zuhura, usimwingize mwenzio shimoni. Mshahara usiobadilika peke yake hauondoi ovataimu. Kazi yenyewe lazima iwe ya umeneja au utaalamu wa aina hiyo, na malipo yasipungue dola 684 kwa wiki. Anayegeuza mbavu jikoni si meneja hata ukimpa kadi yenye cheo.

MchomaNyama, jamaa yako hakukudanganya, alikupa nusu ya habari. Saa 48 zimo kweli kwenye sheria ya Minnesota. Lakini juu yake kuna sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1938, inayosema saa 40. Zikigusa biashara moja zote mbili, unafuata ile inayomfaa mfanyakazi. Mauzo yako kwa mwaka yanafika dola 500,000?

MchomaNyama_MN
Mwaka jana 620,000 na kitu. Usione hivyo ukadhani faida 😅

MamaHesabu
Basi umo kwenye ile ya shirikisho. Wiki ya saa 52: 40 × 17 ni 680, halafu 12 × 25.50 ni 306. Jumla 986. Wewe umekuwa ukilipa 48 × 17, yaani 816, na saa 4 za ziada 102: jumla 918. Kila wiki kijana wa watu anakudai dola 68 bila yeye kukukopesha.

Lipa kabla hajaenda kushtaki. Akishinda, mahakama inaweza kukuongezea kiasi kilekile juu yake, na wanarudi nyuma miaka miwili, mitatu wakiona ulifanya makusudi. Na usimpunguzie shifti kwa sababu kauliza, hilo nalo ni kosa.

Wanjiku_Twin_Cities
Kuhusu msichana: mgahawa ni wenu wewe na mama yake peke yenu, ama kuna mwenye hisa mwingine?

MchomaNyama_MN
Shemeji ana robo.

Wanjiku_Twin_Cities
Hapo ndipo. Msamaha wa mtoto kufanya kazi kwa wazazi unataka biashara iwe ya wazazi pekee. Kwa hivyo yeye ni mwajiriwa kama wengine: siku ya shule asizidishe saa 3 za kazi, wiki ya shule saa 18, na mwisho wa kazi ni saa moja jioni. Jimbo linaruhusu mpaka saa tatu usiku, lakini shirikisho limebana zaidi. Juni mosi hadi Siku ya Wafanyakazi mwezi wa tisa, ndiyo anaweza kufika saa tatu usiku.

Jikoni sasa. Moto wa wazi hapana, kwa hivyo choma yako asiikaribie. Maandazi kwenye karai la mafuta, hapana pia. Akae kaunta, afute meza, aoshe vyombo. Halafu ile mashine ya kukatia nyama: chini ya miaka 18 haigusi, hata kuiosha, hata ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Hiyo hata mgahawa ungekuwa wako peke yako.

Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13 kwa saa jimboni. Ukimtuma jiji la Minneapolis ni habari nyingine, huko mwaka huohuo kilikuwa 15.97.

Baba_Zuhura
Kuosha tu? Wangu ndiye anayeiosha kila Jumapili.

Wanjiku_Twin_Cities
Jumapili hii ioshe wewe, baba.

MchomaNyama_MN
Mrejesho. Binti yuko kaunta, ananuna kidogo kwa sababu alitaka kuchoma. Kwa mpishi nilipiga hesabu usiku: wiki 35 mara 68, dola 2,380. Nikamwandikia hundi pamoja na karatasi ya hesabu. Akaisoma taratibu, akaniuliza: "Kaka, na zile wiki tatu za Ramadhani nilizofanya saa 45?" Kwa kuwa hazikufika 48, sikuwa nimeziona kabisa. Ni dola 127.50 nyingine. Nimemwongezea leo asubuhi.