Arabuko-Sokoke kwa miguu: tuanzie wapi, na gari dogo litafika?

Bi_Tudor:
Hamjambo wenzangu. Tunatoka Mombasa mwezi wa Agosti, tuko wanne: mume wangu, mamangu wa miaka 63, binti wa miaka 9 na mimi. Tuna siku moja na nusu. Tunataka kutembea ndani ya msitu huu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, si kuangalia kupitia dirisha la gari. Tunaowatamani zaidi ni sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye kiuno cha dhahabu, na yule bundi mdogo wa Sokoke. Gari letu ni Probox. Tuanzie upande gani, saa ngapi, na tubebe nini?

Mrihi:
Shikamoo kwa mama, na karibuni sana. Kabla ya kupanga njia jueni kwamba Sokoke ni misitu mitatu ndani ya mmoja, na udongo ndio unaoigawa. Ukanda wa mashariki, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Hapo ni msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi na aina nyingine nyingi, na chini pamejaa majani makavu. Katikati kuna mchanga mweupe usio na rutuba, na juu yake miti ya mirihi iliyoachana, unaona mbali. Ukizidi kwenda magharibi mchanga unageuka mwekundu, mvua inapungua hadi kama milimita 600 kule kaskazini-magharibi, na unaingia kwenye mifunda: vichaka vifupi vilivyofumana, hata upepo haupiti.

Kila kiumbe ana udongo wake. Wageni wengi humaliza asubuhi nzima kwenye mchanga mweupe wakimtafuta bundi, naye hakai hapo. Bundi wa Sokoke ni wa mifunda, udongo mwekundu. Ana urefu wa sentimita 16 hivi. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Mchana hulala, mara nyingi wawili wakiwa wamebanana kwenye tawi lililo mita chache tu kutoka ardhini, na bado mtu hupita chini yao asiwaone, maana wamefanana na majani makavu. Kwa hiyo zungumzeni na mwongoza wageni siku moja kabla, mumwambie wazi kwamba mnamtaka bundi. Yeye atawahi alfajiri kusikiliza wanalala upande gani, kisha awapeleke moja kwa moja.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: msikubali bundi achezewe sauti ya mwenzake kwa simu. Anadhani mpinzani kaingia, anaacha maficho yake mchana kweupe, na mwewe wanamwona. Mwanga wa kamera nao uzimwe.

Sange mtafuteni kwenye msitu mchanganyiko, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Yeye ni wa mchana, ana uzito wa nusu kilo hivi, na hufukua majani makavu kwa ile pua ndefu akitafuta wadudu na nyungunyungu. Mtamsikia kabla ya kumwona. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani makavu, kisha anatimka na kile kiuno kinang'aa. Kosa la watu ni kumfuata. Simameni mlipo dakika kumi bila kunong'ona. Sange hukaa dume na jike kwenye eneo lao dogo, kama hekta moja na nusu au mbili, kwa hiyo hawendi mbali. Mwonyesheni binti ile sehemu ya dhahabu: ngozi ya hapo ni nene kuliko kwingine, hasa kwa dume, kwa sababu wakifukuzana ndipo wanapoumana.

Ratiba yangu ingekuwa hivi: asubuhi ya kwanza mifunda kwa ajili ya bundi, mkirudi mpitie mirihi polepole. Kwenye mirihi ndege hutembea makundi mchanganyiko. Kundi likifika juu yenu tulieni, maana huenda ndani yake mna kwera wa Clarke au chozi wa Amani. Jioni msitu mchanganyiko karibu na kituo cha msitu cha Gede.

Matairi_manne:
Hapo kwenye gari nijibu mimi. Kufika kituo cha msitu cha Gede ni lami hadi karibu na geti, Probox haina shida. Tatizo ni njia za ndani. Mchanga mweupe ukikauka unakuwa laini kama unga, na gari la magurudumu mawili yanayovuta linajichimbia. Kinachozamisha si mchanga peke yake, ni dereva kukanyaga mafuta gurudumu likianza kuteleza. Punguzeni upepo wa tairi hadi psi 20, ingieni na gia ya pili, mwendo usibadilike, wala msifunge breki katikati. Ikikwama, acheni mafuta, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu, lazeni mazulia ya gari chini ya tairi, abiria washuke. Bebeni koleo na pampu, kwa sababu kurudi kwenye lami na psi 20 ni kuharibu tairi.

Udongo mwekundu ni kinyume chake: mkavu unabeba gari vizuri, ukilowa unateleza kama sabuni. Agosti mvua za masika zimeshapita, lakini manyunyu ya usiku yapo. Ikiwa imenyesha, Probox ibaki getini mkodi gari la juu.

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali. Lipeni mkiwa bado nyumbani, mtandao msituni ni wa kubahatisha. Mwongoza wageni analipwa kando. Patana naye bei kabla ya kuanza.

Dawa_na_Bandeji:
Suruali ndefu, mguu wa suruali ndani ya soksi, viatu vya kufunika. Hii ni kwa ajili ya kupe wachanga, wadogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa, na kwa ajili ya siafu. Dawa ya pemethrini hupakwa kwenye nguo siku moja kabla, si kwenye ngozi. Kwenye ngozi pakeni dawa ya mbu. Mkirudi kaguaneni: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, na nyuma ya masikio ya mtoto. Kupe aliyeng'ata avutwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, taratibu na bila kuzungusha. Msimchome moto wala kumpaka mafuta. Homa ikija ndani ya wiki mbili, mwambieni daktari mliingia msituni.

Angalieni upupu kingo za njia, yale maganda yenye manyoya ya kahawia. Ukigusa, usijikune, bandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, manyoya yatoke nao, ndipo uoshe kwa maji.

Maji lita 2 kila mtu mzima. Kwenye mifunda joto linakaba kuanzia saa 4 asubuhi.

Bi_Tudor:
Ahsanteni mno. Mamangu hawezi kuzidi kilomita mbili kwa mkupuo. Na ndovu je?

Mrihi:
Mama aende magofu ya mji wa kale wa Gede, siku ya pili. Njia ni fupi, kuna vivuli, na sange wamo humo humo kati ya kuta. Mji huo uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, na mradi wa vipepeo wa Kipepeo uko hapo hapo. Jioni mwende daraja la kutembelea kwenye mikoko ya hori ya Mida. Tazameni jedwali la maji kupwa na kujaa, mfike ukiwa umebaki muda wa saa mbili au tatu maji yajae, ndege wakisogezwa karibu. Kwa Agosti wahamiaji ndio wanaanza kurudi, wengi ni baadaye, hadi Aprili.

Ndovu wapo, na kwa vile kichaka ni kizito unaweza kuwa mita ishirini usimwone. Ndiyo maana hamtembei bila mwongozaji. Kinyesi chenye unyevu, tawi lililovunjwa likiwa bado linatoka utomvu, au harufu kali: simameni. Rusheni mchanga kidogo mjue upepo unaelekea wapi. Kisha rudini kwa njia ile ile mliyojia, mtoto katikati, bila kukimbia. Jioni epukeni madimbwi ya maji, huko ndiko wanakoelekea.