Trauti wa vijito hapa Maine: nakosea wapi?

Mwana_Kivu (Lewiston)
Jambo wandugu. Mimi nimekulia Bukavu, ukingoni mwa ziwa Kivu, na samaki wadogo wa sambaza nawajua tangu utoto, wale wa kuvuliwa usiku kwa taa. Hapa Maine, Marekani, nina mwaka wa pili. Jirani amenionyesha kijito chenye trauti wenye madoa mekundu, wale wanaoitwa bruki. Mwezi huu wa saba nimekwenda mara nne, saa sita mchana, nikitoka zamu ya usiku. Nawaona, nao wananiona, wanapotelea chini ya mawe. Mmoja tu alinasa, na nilipomrudisha majini akaelea tumbo juu. Imeniuma sana. Nakosea wapi?

Baba_Wawili
Jaribu kipande kidogo cha nyungunyungu, ndoano namba 10, bila chubwi (zile ndogo za madini ya risasi ni marufuku Maine). Lakini soma kwanza sheria ya kijito chenyewe. Kuna maji yasiyoruhusu chambo hai, na mengine ni chambo cha nzi bandia peke yake.

Kijana_wa_Gura
Ndugu yangu, chambo hakina kosa. Joto ndilo lililomuua. Jina la kitaalamu la samaki huyu ni *Salvelinus fontinalis*, na hilo la pili ni Kilatini, maana yake wa chemchemi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi anataabika, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Ukimchosha kwa mshipi saa sita mchana wa Julai, hata umrudishe kwa upole namna gani, huenda asipone. Mimi nafunga kipimajoto kwenye uzi na kukitumbukiza kabla ya kufungua mkoba. Kikisoma 19, nageuza.

Kwa sasa acha ndoano nyumbani. Panda na kijito alfajiri ukipima kila kona. Mahali joto linaposhuka ghafla pana chemchemi, na ndipo walipokimbilia wote. Usiwavue hapo; ni kama kuvizia watu kwenye kisima cha mwisho wakati wa ukame. Paweke akilini, urudi Mei, usubi unapoanza kuuma nyuma ya masikio.

Siku hiyo ikifika, njoo kutoka upande wa chini, maana samaki huelekeza kichwa maji yanakotoka. Tembea kwa magoti. Shati jeupe hapana, na kivuli chako kisitangulie majini. Kijino cha ndoano kibane kwa koleo, mikono ilowe kabla hujamshika, na usimtoe majini zaidi ya pumzi moja.

Jambo jingine, na hili nakuomba ulishike: bonde la mto Androscoggin, huko kwenu, limo katika eneo la samoni wa Atlantiki wanaolindwa kisheria. Watoto wao hufanana na trauti wadogo. Bruki, mbali na yale mekundu, ana madoa ya rangi hafifu juu ya mwili mweusi-mweusi, michoro kama minyoo mgongoni, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe mbele. Samoni mdogo ana madoa meusi na mkia uliogawanyika zaidi. Ukishuku, mwachie.

Mimi ni wa Nyeri. Trauti niliowakuta kwetu ni wageni, waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 wakawekwa katika mto Gura. Huyu wa Maine ni mwenyeji, yupo tangu barafu kuu ilipoyeyuka, na hakuna jimbo jingine la mashariki ya Marekani lililobaki na wengi wa asili kama hili. Ndiyo maana namwonea wivu.

Mwana_Kivu
Asante sana kaka. Jumamosi nilifika saa kumi na moja alfajiri na kipimajoto. Darajani 21. Nikapanda, 20, 20 tena. Halafu chini ya mzizi wa msonobari ulioanguka, 14! Nikalala kifudifudi juu ya mimea laini ya moss nikawahesabu: kumi na mmoja, wamepangana wote wakitazama maji yanakotoka. Mmoja mrefu kama kiganja changu na vidole. Nilikaa mpaka jua likanifikia mgongoni.

Kijana_wa_Gura
Kumi na mmoja! Usimwambie mtu mzizi huo uko wapi, hata mimi usiniandikie hapa. Mei nitashuka kutoka Bangor, utanipeleka kwa mguu.