Risasi nene ya kizamani imeibuka tukichimba shimo la choo Jasini, naombeni ushauri

Mwana wa Mkinga: Habari wakuu. Vijana wakichimba shimo la choo hapa Jasini, Tanga, wameibua risasi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Ni nene, ganda la shaba limeota ukijani, kichwa ni cha madini ya risasi matupu, ya kijivu. Haijapigwa. Shemeji anataka kuikata kwa msumeno amwage baruti, ganda abaki nalo kama pambo. Mimi nasita. Ni ya nini, na nifanyeje?

Bi Mkubwa Chumbageni: Mzuie shemeji sasa hivi! Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa. Ikibaki kavu ndani ya ganda, hata miaka 100 ikipita inawaka. Cheche moja ya msumeno inatosha, au fataki ya kitakoni ikigongwa.

Mzee wa Boma: Mkuu, laza rula kando yake bila kuigusa. Kichwa kikiwa na unene wa milimita 11 na ganda urefu wa milimita 60, hiyo ni ya Mauser ya 1871, bunduki ya Kijerumani ya baruti nyeusi. Ujerumani ilihamia milimita 8 na baruti isiyo na moshi mwaka 1888, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 kombania nyingi za askari wa huku, waliopigania Wajerumani, bado zilishika hizo za zamani. Kila askari akifyatua, wingu jeupe linamwonyesha adui alipo. Hilo huniuma sana nikiwafikiria babu zetu. Kombania tatu zilipata bunduki za kisasa ambazo Waingereza waliziacha Tanga, Novemba 1914. Hapo Jasini Wajerumani na Waingereza walipigana tarehe 18 na 19 Januari 1915, na upande wa Wajerumani peke yake ulimaliza risasi kama 200,000. Kwa hiyo usishangae zikitokea nyingine.

Mwana wa Mkinga: Nimewasimamisha vijana. Niipeleke polisi kwa bodaboda?

Bi Mkubwa Chumbageni: Hapana mwanangu. Iache ilipo, watoto wakae mbali, mwite mwenyekiti wa kitongoji, polisi waje wenyewe. Kukaa na risasi bila kibali ni kosa, hata ikiwa kuukuu. Ila piga picha, watu wa makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani Tanga waione.

Mwana wa Mkinga: Mwenyekiti yuko njiani. Rula inasoma 60 kwenye ganda. Kitakoni, katikati pameinuka kidogo.

Mzee wa Boma: Mwinuko huo ndio alama ya Mauser 71. Wape polisi vipimo hivyo pamoja na picha.